Dizeli iliyoisha juu ikabaki chini: kisa cha mapipa mawili mwaloni

Swali lililozaa maandishi haya niliulizwa na mama mmoja anayeanika muziri, yaani dagaa wetu wadogo, kwenye mwalo wetu wa Ziwa Albert, siku ya tatu baada ya mapipa ya dizeli kuanguka. Alikuwa amesimama ukingoni akitazama maji yaliyokwisha kurudi kwenye rangi yake ya kila siku. "Mwalimu," akaniambia, "mkutanoni wametuambia vijidudu vya ziwani vimeshakula mafuta yote. Siku tatu! Kweli vina njaa ya namna hiyo?"

Mkutanoni nilikuwepo. Aliyesema maneno hayo hakukusudia kudanganya mtu. Alikuwa amesikia habari ya Ghuba ya Mexico, ambako bakteria walikula mafuta kwa kasi iliyowashangaza hata wataalamu, akaichukua habari ile nzimanzima na kuitua kwetu. Nikamwomba mama yule anipe muda. Sasa imepita miezi tisa. Jibu ninalo, na si la siku tatu. Naliandika kwa kirefu kwa sababu upande huu wa ziwa sasa unachimbwa mafuta, na siku yakimwagika mengi kuliko mapipa mawili, sentensi kama ile ya mkutanoni inaweza kutuponza.

Kilichotokea

Mwalo uko ukingo wa mashariki, upande wa Uganda, chini ya mteremko mkali wa Bonde la Ufa. Jina lake siliandiki, kwa kuwa aliyepatwa na mkosi ule ni jirani na tayari amelipa kwa namna yake. Ni mwalo wa watu mchanganyiko: Wagungu, Walur, Wanyoro, na wenzetu wengi wenye ndugu ng'ambo ya Kongo. Sokoni na kwenye mitumbwi lugha inayotukutanisha ni Kiswahili, ndiyo maana hata haya nayaandika kwa Kiswahili.

Jioni ile boti ilileta mapipa matano ya dizeli, kila moja lita 200. Yalishushwa kwa kuviringishwa kwenye ubao. La tatu likapotea ubaoni, likagonga jiwe na kupasuka ubavu. Vijana walipokimbilia kulizuia, la nne likateleza, kizibo kikafunguka. Pipa lililopasuka liliisha lote. Lile la nne lilisimamishwa likiwa limebaki kama robo. Tuliokuwepo tulikadiria kwamba lita 350 zilimwagika, na sidhani tulikosea sana.

Kila kitu kilichofuata kinategemea mahali mafuta yalipokwenda. Sehemu moja ilitoka kwenye maji mapana, nje ya mawe. Sehemu ya pili ilisukumwa na upepo wa jioni hadi kwenye kihori kidogo chenye matete, mahali wanawake wanapofulia na watoto wanapochota maji. Sehemu ya tatu ilibaki nchi kavu, ikanywewa na mchanga pale pipa lilipolala.

Asubuhi kihori kizima kilikuwa na utando wa rangi za upinde wa mvua. Vijana wenye moyo mwema wakafanya mambo mawili. Walimwaga sabuni ya unga kwenye kihori, wakapiga maji kwa makasia mpaka utando ukapotea. Kisha wakaleta mchanga safi na kufukia doa la ufukweni ili watoto wasilikanyage. Mchana mwalo ulionekana kama hakuna lililotokea. Siku ya tatu mkutano ukaitishwa, shughuli zikaruhusiwa, na ile sentensi kuhusu vijidudu ikasemwa.

Wiki ya nne mama yule akaja shuleni. Nyavu alizozilaza karibu na matete zilikuwa zinanuka. Tukaenda pamoja. Nikachoma fimbo kwenye tope, na kwenye kila tundu kikapanda kiputo, kikapasuka, na utando ukatanda juu ya maji, mpana kama sahani. Harufu ilikuwa ya dizeli mbichi, kana kwamba pipa limeanguka asubuhi ile.

Siku tatu zile mafuta yalikwenda wapi?

Kwenye maji mapana, mengi yalipaa hewani. Hili husahaulika kila mara. Dizeli ni mafuta mepesi. Yakitandazwa kuwa utando mwembamba, kwenye maji ya nyuzi 28 na upepo wetu, sehemu kubwa huwa mvuke kabla bakteria hawajapata nafasi ya kuongezeka. Mengine hupigwa na mawimbi yakawa matone madogo, yakasambaa. NOAA, taasisi ya Marekani inayoshughulikia bahari, inaeleza kwamba dizeli kidogo ikimwagika baharini kwa kawaida hutoweka juu ya maji kwa kupaa na kusambaa ndani ya siku chache, na kazi ya vijidudu kuimaliza huchukua mwezi mmoja hadi miwili. Kwa hiyo kule nje maji yalitakata siku ya tatu kwa kazi ya jua na upepo, na wakati ule vijidudu ndiyo kwanza vilikuwa vinakaa mkao wa kula.

Kutoweka machoni ni jambo moja, kuliwa ni jingine. Mkutano wetu ulichanganya haya mawili, na wakubwa zaidi yetu wameyachanganya.

Ghuba ya Mexico ilivyokuwa

Inafaa nieleze habari ile ilivyokuwa hasa, kwa sababu ni ya kweli na inapendeza. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka, wafanyakazi 11 wakafa, na kisima cha Macondo kikabubujika kwa siku 87 kwenye kina cha mita 1,500 hivi. Wataalamu wa serikali ya Marekani walikadiria mapipa milioni 4.9. Sehemu ya mafuta hayo haikufika juu. Ilitanda kama wingu la matone kwenye kina cha mita 1,100 hivi, ambako maji ni ya nyuzi 5 tu.

Kila mtu alidhani kwenye baridi ile bakteria watakuwa wamelala. Mwezi Agosti mwaka uleule kundi la Terry Hazen kutoka maabara ya Lawrence Berkeley likachapisha matokeo tofauti. Bakteria wa jamii ya Oceanospirillales walikuwa wamejazana ndani ya wingu lile, na alkani nyoofu, yaani minyororo iliyonyooka ya kaboni na haidrojeni, zilikuwa zinapungua kwa nusu kila baada ya siku 1.2 hadi 6.1.

Mtu akiishika namba hii peke yake atafanya hesabu ya haraka: nusu kila siku tatu, kwa mwezi unabaki na fungu moja katika 1,024, mafuta yamekwisha. Kosa la hesabu hiyo liko kwenye neno alkani. Alkani ndizo tamu kuliko zote. Mafuta si chakula kimoja. Ukimpa mtoto muziri anamla mzima, hasazi kitu. Ukimpa mputa, yaani sangara, atakula nyama na kukuachia mifupa. Bakteria nao huanza na minyororo iliyonyooka, wakaja kwenye yenye matawi, kisha pete za benzini, yaani kaboni sita zilizofungwa duara, kisha pete zilizoshikamana tatu au nne, na mwisho kabisa huja lami yenyewe, ambayo karibu hawaigusi. Kasi ya tonge la kwanza haikuambii sahani itaisha lini.

Tena Macondo ilikuwa na bahati nne kwa mpigo. Mafuta yalikuwa mepesi. Yalitoka kwa shinikizo kali, yakavunjika kuwa matone madogo mno, na bakteria hula pembeni mwa tone, pale mafuta yanapogusana na maji, hivyo matone yakiwa madogo walaji hupata nafasi nyingi. Maji ya kilindi yale yalikuwa na oksijeni na yalikuwa yanatembea. Na sakafu ya ghuba ile hutoa mafuta yenyewe kwa nyufa tangu kale, kwa hiyo bakteria wenye mazoea ya chakula hiki walikuwepo tayari, wachache, wakingoja.

Hata hivyo si yote yaliyoliwa. Mwaka 2014 kundi la David Valentine lilionyesha kwamba sehemu ya mafuta ilituama na kutandaa kwenye sakafu ya bahari, eneo la kilomita za mraba 3,200 hivi. Hata kule, basi, yaliyobaki majini yaliliwa haraka na yaliyotuama kwenye tope yakachelewa. Nusu hii ya pili ya habari haikufika mkutanoni kwetu.

Bakteria tunao

Mfanyabiashara mmoja alikuja na unga wa bakteria kwenye ndoo, akidai ukinyunyizwa utamaliza kazi kwa wiki mbili. Bei yake ingenunua injini ya boti. Niliwashauri wazee wasinunue, na sababu yangu iko kwenye ziwa lenyewe. Kibiro, ambako kina mama hupika chumvi kutoka kwenye udongo wa chemchemi za moto, mafuta hujitokeza yenyewe kwenye nyufa za ardhi. E. J. Wayland wa idara ya jiolojia ya Uganda aliandika habari za michirizi ya mafuta ya bonde hili miaka ya 1920, na mwaka 1938 kisima cha kwanza kikachimbwa kule Butiaba. Ziwa linalopakana na mafuta kwa muda mrefu kiasi hicho haliwezi kukosa bakteria wanaoyala. Na hata mahali pasipo na mafuta ya asili, bakteria kama Pseudomonas, Acinetobacter na Rhodococcus wanapatikana kwenye udongo na maji karibu popote. Wamarekani walijaribu bidhaa za aina hii kwenye fukwe za Alaska baada ya meli ya Exxon Valdez kupasuka mwaka 1989, na bakteria wa dukani hawakuwashinda wenyeji.

Darasani tulifanya jambo dogo ili wanafunzi waone kwa macho. Tulichukua mitungi mitatu ya kioo. Wa kwanza ulikuwa na maji ya ziwa yaliyochemshwa na kufunikwa, wa pili maji ya ziwa mabichi, wa tatu maji mabichi yenye chembe chache za mbolea ya bustani ya shule. Kila mmoja tulitia matone matano ya dizeli, tukawa tunautikisa asubuhi na jioni. Mtungi wa mbolea ulianza kuwa na ukungu mweupe mapema, na utando wake ukavunjika vipandevipande. Wa maji mabichi matupu ulifuata baadaye. Uliochemshwa ulibaki mwangavu, na dizeli yake juu vilevile. Si kipimo cha maabara, na sikitumii kudai namba yoyote. Lakini mwanafunzi aliyeushika mtungi ule wa tatu na kusema "mwalimu, vimezaana" alielewa jambo ambalo nimeliandika ubaoni miaka mingi bila kulifikisha.

Kilichokosekana kihorini

Sasa nifike kwenye kiini. Ikiwa bakteria wapo, joto lipo, na dizeli ni laini kama muziri, kwa nini tope la kihori lilinuka vile baada ya wiki nne?

Oksijeni. Bakteria hawa hawaihitaji kwa kupumua tu. Mnyororo wa alkani hauna mahali pa kuuma. Ni kaboni na haidrojeni zilizoshikana imara. Ili kuufungua, bakteria hutumia kimeng'enya kinachochomeka chembe ya oksijeni kwenye ncha ya mnyororo. Hapo ncha hugeuka kileo, kisha asidi ya mafuta kama ile iliyomo kwenye mawese, na kuanzia hapo hukatwa kaboni mbilimbili kama mtu anavyokata muwa kwa kufuata pingili. Oksijeni ikikosekana, kisu cha kwanza hakipo.

Na kiasi kinachotakiwa ni kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi. Kuigeuza yote kuwa kaboni dioksaidi na maji kunataka karibu kilo 2.9 za oksijeni. Maji ya ziwa letu, kwenye joto lake na mwinuko wa zaidi ya mita 600 juu ya bahari, hata yakiwa yamejaa hewa hubeba kama miligramu 7 tu kwa lita. Piga hesabu: lita moja ya dizeli inataka oksijeni iliyomo kwenye lita 400,000 za maji, yaani jerikeni 20,000. Bakteria hugeuza sehemu ya mafuta kuwa miili yao, kwa hiyo mahitaji halisi hupungua, labda kwa nusu. Bado ni jerikeni 10,000 kwa kila lita moja.

Kule nje hilo si tatizo. Ziwa lina upana wa kilomita zaidi ya 30, linachanganywa na upepo, linavuta hewa juu kila dakika. Kihori chetu ni kidogo kiasi kwamba nikirusha jiwe linafika ng'ambo, matete yamezuia mawimbi, na chini kuna tope jeusi la majani yaliyooza. Kwenye tope la aina hiyo oksijeni hushuka milimita chache tu, kisha huisha. Chini ya hapo bakteria wa aina nyingine wanaweza kuyala mafuta bila oksijeni, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Na hapa ziwa linazidiwa na bahari: maji ya chumvi yana salfeti nyingi, aina ya chumvi yenye salfa, ambayo baadhi ya bakteria huitumia mahali pa oksijeni. Maji yetu yasiyo ya chumvi yana salfeti kidogo.

Ndipo narudi kwenye sabuni na mchanga. Naandika hili kwa heshima kwa vijana wale, maana mimi mwenyewe nilisimama pale nikawatazama na sikuwazuia. Sabuni ilifanya kile sabuni inachofanya: ilivunja utando kuwa matone, na kasia likayasukuma chini. Kwenye maji yenye kina na mwendo, matone yangesambaa na kuliwa. Kwenye kina cha goti yalikwenda moja kwa moja kwenye tope. Tukachukua mafuta yaliyokuwa juani, yakipaa, yakipata hewa, tukayapeleka mahali pasipo na hewa kabisa. Juu ya hayo sabuni yenyewe huwadhuru samaki wachanga wanaojificha kwenye matete. Kule Ghuba ya Mexico walimwaga zaidi ya lita milioni 6.9 za dawa ya kuvunja mafuta, na bado wanasayansi wanabishana kama iliwasaidia bakteria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na kundi la Samantha Joye ulikuta haikuongeza kasi ya ulaji. Ikiwa kwenye kilindi kile jambo lina ubishi, kwenye kihori cha kufulia halina.

Mchanga nao ulifukia. Doa la ufukweni lingeachwa wazi, au lingezolewa, jua lingelifanyia kazi. Tulipolifunika tukalihifadhi. Miezi mitatu baadaye nilichimba kina cha kiganja nikakuta mchanga wa rangi ya kijivu, umelowa, unanuka.

Ushahidi wa kutisha kuhusu jambo hili unatoka mbali, na unafanana na wetu kuliko Macondo. Mwezi Septemba 1969 tishari liitwalo Florida lilikwama karibu na West Falmouth, Massachusetts, likamwaga mafuta ya kupashia nyumba joto, ndugu wa karibu kabisa wa dizeli. Mengine yakaingia kwenye vinamasi vya chumvi. Wanasayansi wa kituo cha utafiti wa bahari cha Woods Hole, walio jirani na pale, wamekuwa wakirudi kupima. Zaidi ya miaka 30 baadaye waliyakuta bado yapo, sentimita chache chini ya tope, kwenye tabaka lisilo na hewa. Minyororo iliyonyooka ilikuwa imekwisha. Ile yenye matawi na zile pete zilikuwepo. Miaka 30, mafuta mepesi, kwenye nchi yenye uwezo wote! Niliposoma hayo nililaza kitabu nikaenda kihorini jioni ileile.

Tulichofanya

Mwezi wa nne tangu mapipa yaanguke, kamati ya mwalo ilikubali tujaribu. Wazo lilikuwa moja tu: oksijeni haifiki kwenye tope, basi tope lipelekwe kwenye oksijeni.

Wakati wa ukame, maji yaliposhuka, tulichimba tope lile lililonuka zaidi kwa majembe, kina cha shubiri moja, kwa mikono iliyovaa glavu na mifuko ya nailoni kwa waliokosa glavu. Tulilibeba kwa mikokoteni hadi kwenye sehemu ya juu yenye udongo mgumu wa mfinyanzi, mbali na kisima na mbali na mkondo wa mvua. Pembeni tulijenga tuta. Tukalitandaza tope, unene usiozidi kiganja, tukachanganya samadi kavu kutoka kwa wafugaji. Samadi ilikuwa na kazi yake: kaboni ya mafuta pekee haijengi mwili wa bakteria, na kanuni inayotumika sana ni kwamba kwa kila sehemu 100 za kaboni wanataka kama 10 za naitrojeni na 1 ya fosforasi. Kila wiki vijana walewale wa sabuni walikuja kulipindua kwa majembe. Tulilinyunyizia maji likikauka, bila kulilowesha.

Mtu mmoja alishauri tumwage mbolea kihorini ili tusichimbe. Nilikataa. Alaska mwaka 1989 walinyunyiza mbolea kwenye fukwe za mawe na ulaji uliongezeka kasi mara kadhaa, ni kweli, lakini zile zilikuwa fukwe zenye hewa na uhaba wa naitrojeni. Kwetu kilichopungua ni hewa, na mbolea kwenye maji yaliyotulia ingeleta mwani, mwani ungeoza, na kuoza kungemaliza hata oksijeni ile kidogo.

Harufu ya tope lile ilianza kupungua wiki ya tatu. Wiki ya kumi mtu alilazimika kuinama ili aisikie. Majani yakaota pembeni, kisha katikati. Nina imani kubwa na kazi ile, ila sitaki mtu aichukue kama dawa ya kila mahali. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2011 kuhusu Ogoni, Nigeria, ilionyesha njia ya kupindua udongo wa juu ikitumika mahali ambapo mafuta yalikuwa yamezama, kwengine hadi mita 5, na haikufaa. Unapindua juu, ugonjwa uko chini. Sisi tulikuwa na shubiri moja. Mchanga wa ufukweni tuliufanyia vivyo hivyo, ukachukua muda mfupi zaidi kwa sababu mchanga hupitisha hewa.

Matete tuliyaacha. Mizizi yake hupeleka hewa kidogo chini, na kuyang'oa kungeyakanyaga mafuta yaliyobaki mpaka yazame zaidi.

Mafuta yetu wenyewe

Kuna jambo moja ambalo kisa cha dizeli hakiwezi kutufundisha, na lazima nilitaje. Mafuta yanayochimbwa Tilenga na Kingfisher, maeneo ya mafuta ya ziwa letu hili, si kama dizeli, wala si kama yale mepesi ya Macondo. Yana nta nyingi na huganda kwenye joto la kawaida. Ndiyo sababu bomba la kilomita 1,443 linalojengwa kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limesanifiwa kupashwa moto njia nzima. Yakianguka ziwani hayatatanda kama utando wa rangi. Yataganda mabonge. Bonge lina uso mdogo kwa ujazo wake, bakteria watalilamba kwa nje tu, na kupaa hewani kutakuwa kidogo. Kwa upande mwingine bonge linaweza kuokolewa kwa wavu na koleo kabla halijafika kwenye matete, jambo lisilowezekana kwa dizeli. Saa za kwanza zitakuwa na thamani kubwa sana, na wavuvi wa mialo hii ndio watakaokuwa wa kwanza kufika. Ningependa kila mwalo uwe na nyavu za macho madogo, mapipa matupu na glavu tangu sasa, na watu wanaojua kwamba sabuni haimwagwi.

Nimekwenda kihorini wiki iliyopita, mwezi wa tisa. Mama wa muziri alikuja nami, amemshika mjukuu mkono. Nilichoma fimbo mahali kumi na mawili. Nane hapakutoka kitu. Matatu yalitoa viputo vya gesi ya tope ya kawaida, bila rangi. Kwenye shina la matete, kona ya kusini, pale ambapo hatukuchimba, palipanda utando mdogo kuliko kiganja cha mtoto, ukazunguka mara moja juu ya maji.

"Bado yamo," akasema.

"Yamo, mama. Kona hii nyavu zisilale."

Akaliinua jiwe lake la kufulia, akalihamishia upande wa mawe, kwenye mawimbi.